Yungiyungi Ndani ya Hodhi la Kuogea

Nilipofika Stockholm mwaka 1968 kusomea uuguzi, kila Mswidi niliyekutana naye aliamini nimetoka kwenye nchi ya misitu mizito na maji yanayotiririka kila upande. Mimi nimezaliwa Manyoni. Kwetu maji yalikuwa kitu cha kufukua kwenye mchanga wa korongo lililokauka; unachimba, unangoja yajikusanye, unachota kwa kata, unaondoka kabla ng'ombe hawajafika. Kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, akalijaza maji safi ya bomba, halafu akapanda maua humo humo ndani ya maji, hilo nilikuja kuliona Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, na lilinikera tangu siku ya kwanza.

Shimo hilo, ambalo lazima uliite bwawa mbele yake, lilikuwa la mwenye nyumba wangu. Alikuwa Mswidi, mwalimu mstaafu, hakuwahi kuolewa, na alikuwa ameishi karibu na Bukoba kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima akifundisha wasichana kusoma na kushona. Sisi Watanzania wachache tuliofahamiana mjini tulimwita Bibi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha zamani, na cha amri tupu. Ukipita mbele yake bila kumwamkia, hata kama umebeba mizigo mikono yote miwili, alikuita urudi.

"Sijasikia shikamoo."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa vaa buti, tuna kazi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ilikuwa Oktoba, wiki ya baridi kali ya kwanza, na asubuhi hiyo majani ya yungiyungi yake yalikuwa yameamka meusi, yamelala juu ya maji kama vitambaa vilivyoungua. Kwa Bibi hiyo ilikuwa dalili kwamba wakati umefika. Mimi nilivua soksi, nikavaa mabuti yake ya mpira yaliyonizidi, nikaingia kwenye maji yaliyokuwa na ganda jembamba la barafu pembeni, na yeye akasimama ukingoni na fimbo yake akinielekeza. Nilitakiwa nipapase matopeni, nitoe vikapu vya mimea kimoja kimoja, nivunjevunje udongo kwa vidole mpaka nipate viazi vyake vidogo, vigumu, vyeusi, ukubwa wa yai la kanga. Mikono ilikufa ganzi. Nikikosa kimoja, alikuwa anajua.

"Kikapu cha tatu kilikuwa na viwili. Tafuta tena."

"Bibi, hakuna."

"Kipo. Wewe ni mtoto wa huko, utakipata."

"Mimi wa Manyoni, Bibi. Kwetu hakuna haya mambo."

"Tafuta tena."

Kilikuwepo. Hilo nalo lilinikera.

Niseme wazi tabia ya mimea yenyewe, kwa sababu watu hudhani ua ni ua tu. Yungiyungi za Waswidi, zile nyeupe za kwenye maziwa yao, hulala chini ya barafu na kuamka zenyewe bila kumsumbua mtu. Za Bibi zilikuwa za buluu, za kwetu, maana yake za Bukoba, na baridi ya Sweden ilikuwa inaziua kama unavyozima mshumaa. Kwa hiyo kila vuli ilibidi zing'olewe, viazi vioshwe, vifukiwe kwenye makopo ya mchanga wenye unyevu, vikae mahali pasipo joto wala baridi. Mchanga ukikauka, vinasinyaa. Ukilowa, vinaoza. Pakiwa na joto, vinachipua Desemba wakati hakuna jua, vinajichosha na kufa. Ilibidi uvichimbue mara kwa mara na kuvibonyeza kwa kidole, kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa. Pamoja na hivyo kulikuwa na chungu kikubwa cha mafunjo, ambayo hayalali kabisa bali yanataka kusimama ndani ya maji mwaka mzima na kuangalia dirishani. Halafu kulikuwa na majani fulani yanayoelea, yamejikunja kama kabichi ndogo. Jina lake la Kiswahili sikulijua, nikawa nayaita kabichi, na Bibi akawa anaudhika. Mwisho kulikuwa na yungiyungi moja mzee, mama wa nyingine zote, ambayo Bibi aliiita mama mkubwa na kukataa katakata ilazwe mchangani. Hiyo ilikaa macho majira yote ya baridi ndani ya pipa, kwenye baraza lake la vioo, chini ya taa.

Miaka mitatu nilikaa kwa Bibi, na kila vuli niliingia bwawani. Nilipoolewa na kuhama nilimlilia kidogo, maana alikuwa amenipa chumba wakati watu wengi mjini hawakutaka kumpa Mwafrika chumba. Lakini nilipofunga mlango wa teksi nilijiambia, basi, nimemalizana na matope.

Mume wangu alikuwa mtu wa Tanga, fundi umeme, alikuja Sweden kwa mafunzo na akapata kazi kiwandani. Baada ya binti yetu kuzaliwa tulipata nyumba Hallonbergen, ghorofa ya tano, jengo jipya kabisa, korido bado inanukia rangi na saruji. Tulikuwa na vyumba viwili, jiko, na bafu lenye hodhi jeupe refu la kuogea. Mimi niliyekulia kwenye maji ya kata nilikuwa nalijaza hodhi lile Jumamosi, nalala ndani mpaka vidole vinakunjamana, na mume wangu anagonga mlango akiuliza kama nimezama.

Vuli ya 1973 Bibi alianguka kwenye ngazi za bustani akavunjika nyonga. Hakurudi tena nyumbani. Mpwa wake aliuza nyumba, na yeye akapelekwa kwenye nyumba ya wazee Jakobsberg, ambako kila mkazi aliruhusiwa chungu kimoja cha maua dirishani, kisichovuja.

Jioni moja kengele ya mlango ililia. Nilifungua nikamkuta dereva wa teksi, amelowa mapaja, uso umemvimba kwa hasira. Nyuma yake kwenye lifti kulikuwa na ndoo, makopo, na kile chungu cha mafunjo kimelazwa ubavu, vichwa vyake vya nywele vinafagia sakafu.

"Mzee mmoja wa Jakobsberg amesema wewe unajua," alisema kwa Kiswidi. "Amesema ni mimea ya kwenu."

Simu ililia kabla sijamaliza kuingiza ndoo.

"Zimefika?" Bibi aliuliza.

"Shikamoo, Bibi. Zimefika, lakini hatukuzungumza..."

"Marahaba. Mama mkubwa asikae kwenye ndoo zaidi ya leo. Mna hodhi, sivyo? Utaniwekea mpaka nipone."

Mume wangu alisimama katikati ya bafu, mikono kiunoni.

"Mpaka apone," alisema. "Mtu wa umri ule, nyonga."

"Najua."

"Sisi tutaoga wapi?"

"Najua, mume wangu."

"Wewe tulidhani umehama kwa Bibi. Kumbe Bibi ndiye amehamia kwetu."

Lakini alikuwa fundi, na fundi akiona kazi mbaya hawezi kuiacha. Alipoona nimeiweka taa ya mezani kwenye ukingo wa hodhi alipiga kelele kwamba nitawaua wote, akaenda akarudi na nyaya na bomba la chuma, akatundika taa juu kabisa darini, mbali na maji, kwa ufundi ambao ungefaa hospitali. Yungiyungi mzee akawekwa kwenye hodhi, mafunjo upande wa bomba, kabichi zikaelea katikati. Makopo ya viazi yakaenda kwenye stoo ya chini ya jengo. Sisi tukawa tunaoga kwa beseni na kopo, juu ya tundu la kutolea maji sakafuni, tumechuchumaa kama wafungwa. Binti yetu, aliyekuwa ameanza kusema na aliyekuwa akijibu kila neno langu la Kiswahili kwa Kiswidi cha chekechea, aliingia, akatazama, akatangaza, "Blommorna badar!" Maua yanaoga. Yeye tu ndiye aliyefurahi.

Nyumba ile haikuwa na sisi watatu peke yetu. Sebuleni, kwenye kochi, alikuwa analala Mganda mmoja, rafiki wa mume wangu, mwalimu wa jiografia kutoka upande wa Soroti. Alikimbia kwao baada ya walimu wenzake wawili kuchukuliwa na askari na wasirudi. Stockholm alikuwa anaosha mabasi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyetaka kumsumbua mtu, na alikuwa na njia moja tu ya kujifariji: akitoka kuosha mabasi kwenye baridi alikuwa anaingia kwenye hodhi la maji moto. Ndiyo maana siku ile nilimngoja mlangoni ili nimwambie mwenyewe, nikiwa na aibu.

Alivua kofia, akachungulia bafuni. Nikaanza kuomba radhi.

"Hapana, dada," alisema. "Hii mimi najua." Aliinama akashika bua la mafunjo kati ya vidole viwili. "Kwetu tunalalia hii. Tunaezekea nyumba. Mama yangu alikuwa anakata, mimi nabeba kichwani. Inakwaruza shingo sana."

"Utaoga kwa kopo, kaka. Samahani."

"Kopo ni sawa. Nani anakata mizizi yake? Imebanwa kwenye chungu. Inaumia."

Nilikuwa nimetegemea angalau yeye awe upande wangu. Badala yake nikawa na mtu wa pili wa kunisimamia.

Kisha likaja jambo la mafuta. Wanaokumbuka majira yale ya baridi wanajua: mafuta yalikuwa adimu, petroli ikagawiwa kwa kiasi, na katika majengo yetu joto likapunguzwa. Maji ya moto nayo yakawa ya kubahatisha. Ngazini watu walikuwa wanapishana wamevaa makoti kama wako barabarani. Mtoto alilala na kofia. Na mimi, baada ya zamu yangu hospitalini, badala ya kukaa nikapumzisha miguu, nilikuwa nachemsha sufuria za maji jikoni na kuzimimina kwenye hodhi, ili ua moja la mtu mwingine lisipate baridi. Nilikuwa nazimimina huku naongea peke yangu. Mume wangu alisema akisikia sauti yangu bafuni alidhani nimepata mgeni.

Na kila siku tulipokaa kula, simu. Bibi alikuwa amegundua kwamba saa ya chakula ndiyo saa ambayo siwezi kuwa nimetoka.

"Mama mkubwa ana majani mangapi?"

"Manne, Bibi. Tunakula."

"Juzi yalikuwa matano."

"Moja limekuwa la njano, nikalikata."

"Ulikata karibu na shina au mbali?"

Wali unapoa. Mume wangu ananitazama. Mganda anainuka taratibu, anakwenda bafuni, anarudi, ananinong'oneza, "Mwambie jani jipya linakuja, liko chini bado, limejikunja."

"Linakuja jingine, Bibi."

"Nani amekwambia?"

"Tuna mtaalamu."

Kabichi zilianza kufa Januari. Zilipungua, zikawa wazi kama karatasi iliyolowa mafuta, kisha zikayeyuka na kuacha uvundo ulioingia mpaka kwenye taulo. Nilibadilisha maji, nikaongeza moto, nikashusha taa kidogo, haikusaidia. Mganda alitoa zilizooza kwa chujio la chai. Lile lilikuwa chujio langu la chai, na nililitupa. Wakati huo huo mafunjo yalianza kukauka ncha, na yeye, bila kuniuliza, akakitoa chungu bafuni akakiweka sebuleni karibu na kochi lake ambako bomba la joto lilikuwa bado na uhai, ndani ya beseni nililokuwa nalitumia kumwogeshea mtoto. Nilirudi kazini nikakuta mtu mzima amelala kwenye kochi na majani ya ziwani yamemwinamia usoni, na mwanangu amekaa sakafuni anayamwagia maji kwa kijiko. Sikuwa na nguvu za kugomba. Nilikaa na koti langu.

Jumapili iliyofuata nilipanda basi mpaka Sundbyberg, nikapanda treni mpaka Jakobsberg, kumpa Bibi habari ana kwa ana. Sikutaka kuzisema kwa simu. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi, amekuwa mdogo, lakini macho yale yale.

"Zile zinazoelea zimekufa, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

"Taa ulikuwa unawasha?"

"Nilikuwa nawasha."

"Maji yalikuwa vuguvugu?"

"Bibi, nyumba yenyewe haina uvuguvugu. Mtoto analala na kofia."

Alinitazama. "Basi umeziua. Nilidhani mtoto wa Afrika angejua."

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote na ninajua kuvumilia maneno ya wagonjwa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye zamu, nimesimama kwenye basi, mikono imepasuka kwa kushika maji baridi, na sikuweza. Nilimwambia kwa sauti ambayo haifai kumwambia mzee.

"Bibi, mimi sijui. Sijawahi kujua! Kwetu hakuna ziwa, hakuna bwawa, hakuna yungiyungi. Ua la kwanza la majini nimeliona nyumbani kwako hapa hapa Sweden. Miaka yote nakwambia, na hunisikii. Kutoka Manyoni mpaka Bukoba ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka nchi nyingine!"

Mhudumu aliyekuwa anapita na sinia la kahawa alisimama. Bibi alitazama mikono yake.

"Ulisema," alikiri.

"Nilisema mara nyingi."

"Nilidhani unakwepa kazi."

Nilicheka bila kutaka, na kicheko hicho kilitaka kugeuka kilio, kwa hiyo nikakaa. Mhudumu alituachia kahawa. Bibi alikunywa kidogo, kisha akaanza kusema polepole, kwa Kiswahili ambacho safari hii hakikuwa cha amri. Alisema yeye alizaliwa kaskazini, ambako maziwa yanaganda mapema na hakuna aliyefikiria kupanda kitu majini. Alisema alipoambiwa na madaktari arudi Sweden kwa ajili ya moyo wake, wasichana wake walimfungia viazi vile kwenye kipande cha khanga kilicholowa, wakamwambia avipande asije akawasahau. Wao wenyewe hawakujua kama vitaota. Yeye ndiye aliyeua vingi mwanzoni, kwa kutojua.

"Hapa hakuna aliyeniuliza niliishi vipi kule," alisema. "Wanauliza kama kulikuwa na nyoka."

Nilimshika mkono. Aliniacha niushike kwa muda mfupi tu.

"Hivyo vilivyo mchangani," alisema, "ulivibonyeza lini?"

Machi nilivitoa viazi stoo. Vingine vilikuwa vimekuwa laini, nikavitupa. Vilivyobaki niliviweka kwenye mitungi ya kioo yenye maji, dirishani jikoni, kwenye jua lile jembamba la Machi, na vikaanza kutoa vijani vyekundu vidogo kama ulimi wa paka. Na hapo ndipo nilipogundua upuuzi wa jambo zima. Nyumba ya Sundbyberg ilikuwa imeuzwa. Wenye nyumba wapya walikuwa wamefukia bwawa na kupanda nyasi. Nilikuwa nimekosa kuoga majira mazima ya baridi, nimegombana na mume wangu, nimemfokea mzee, ili kuvilinda vitu ambavyo havina pa kwenda.

"Vitupe," mume wangu alisema. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka.

"Vitupe wewe."

Alitazama ile mitungi. Hakuvitupa.

Mganda ndiye aliyekuja na mapipa. Kule alikokuwa anaosha mabasi kulikuwa na mapipa ya mbao yaliyotupwa, ya kuhifadhia samaki wa chumvi nadhani, maana yalinuka, na msimamizi alimwambia ayachukue. Aliyakata nusu, akayasugua, na wiki nzima akawa anayajaza maji uani kwetu na kuyamwaga mpaka harufu ikatoka. Mimi nilikwenda kwa mkuu wa nyumba ya wazee kuomba. Alikuwa mama mwenye nywele fupi aliyenisikiliza akiwa amekunja mikono. Alisema sheria ni chungu kimoja. Nilimwambia hizi si vyungu, ni nusu pipa. Alisema nje kuna hatari ya wazee kuanguka. Nilimwambia Bibi ameshaanguka tayari, na hata kama maua hayapo, kila siku anaiambia wodi nzima mambo ya maua. Hapo mkuu alivuta pumzi ndefu, nami nikajua kwamba si mimi peke yangu niliyechoshwa na Bibi.

"Kwa majira haya ya joto tu," alisema.

Mume wangu aliazima gari la mwenzake. Juni, maji yalipopata joto, tuliweka nusu pipa mbili ukutani upande wa jua, chini ya dirisha la Bibi, mafunjo kwenye moja, yungiyungi mzee na wanawe kwenye jingine. Bibi alikaa kwenye kiti chake akitoa maagizo. Maji yako juu mno. Hapana, sasa yako chini. Udongo huo una mbolea ya nini? Mganda aliitika kila kitu, "Ndiyo, mama," na hakubadilisha chochote, na Bibi akaridhika. Niliona mbinu hiyo nikajiuliza kwa nini sikuigundua miaka yote ile.

Julai ikaja mvua tupu. Kila Jumapili niliyokwenda nilikuta majani, majani tu, na Bibi akiniuliza kama nilivibonyeza vizuri. Nilishaanza kukata tamaa. Agosti, Jumapili moja ya jua, tulikwenda sote wanne, na kabla hatujafika kwenye ukuta binti yangu alitangulia mbio. Ua lilikuwa limesimama juu ya maji kwa bua lake, halikuelea kama zile za Waswidi. Lilikuwa la buluu, katikati njano, na lilikuwa na harufu tamu ambayo sikuitarajia, kwa sababu miaka yote nilikuwa naijua mimea ile kwa harufu ya matope. Wazee kama sita au saba walikuwa wameketi kulizunguka, wengine wakiwa na vikombe. Mganda alivua kofia yake. Mume wangu, aliyesema vitupwe, alipiga magoti akalichungulia kama anachungulia mtambo.

Nilichuchumaa kando ya Bibi. Nilitaka aseme neno.

"Shikamoo, Bibi. Umeliona?"

"Marahaba. Naliona tangu jana." Alilitazama kwa muda. "La Bukoba lilikuwa na rangi zaidi."

Nilifunga macho. Nilipoyafungua aliona uso wangu, na nadhani alinihurumia kidogo, maana alinipapasa begani.

"Lakini ni lenyewe," alisema. "Ni lenyewe kabisa."

Alifariki Februari iliyofuata, usingizini. Kanisani tulikuwa wachache: mpwa wake, wahudumu wawili, na kundi letu la Waafrika, ambao mchungaji hakutarajia kutuona na akawa anatutafutia viti. Tuliimba kwa Kiswahili wimbo mmoja aliokuwa akiupenda. Mganda aliimba sauti ya chini, akalia waziwazi kuliko sisi wote. Kufikia wakati huo alikuwa amepata chumba chake mwenyewe, na mafunjo yalikuwa yamehamia kwake.

Viazi vya yungiyungi, safari hii hata cha mama mkubwa, vilikuwa stoo kwangu, mchangani. Machi ilipofika hakukuwa na wa kunipigia simu. Nilikaa wiki kadhaa bila kuvigusa, nikijiambia kwamba sasa niko huru. Kisha mkuu wa nyumba ya wazee akapiga, wakati wa chakula, bila shaka. Aliniuliza kama nitaleta yale maua tena, maana wakazi wanauliza, na mapipa yapo bado. Nilimwambia nitaangalia. Nilishuka stoo nikiwa bado natafuna, nikafukua mchanga, nikabonyeza. Vitatu vilikuwa vigumu.

Nilivipeleka Juni kwa treni, kwenye ndoo kati ya miguu yangu, na maji yakanimwagikia viatuni kila treni ilipofunga breki. Mzee mmoja mgeni, aliyehamia pale majira ya baridi na asiyejua lolote, alitoka nje na gazeti lake, akasimama kunitazama nikiwa nimeinama na mikono mpaka viwiko kwenye tope. Alisema mapipa hayo yataleta mbu, na kwamba kama watu wanataka maua kuna waridi, waridi halihitaji maji ya kusimama. Niliinuka, mgongo unaniuma. Nikamwambia, kwa Kiswidi nilichojifunza kwa Bibi, chenye amri ndani yake, kwamba anaweza kufunga dirisha lake, au anaweza kunishikia ndoo. Alifikiri kidogo. Kisha akakunja gazeti akaliweka kwenye kiti, na akashika ndoo, vibaya, akamwaga nusu ya maji kwenye suruali yake na nusu nyingine kwangu.